Diski Yenye Alama ya Kujumlisha

4 Machi

Shikamoo Baba,

Natumaini mgongo umetulia na Shangazi hajambo. Mimi mzima. Kiwandani bado nashona kola za sare za manesi, kola tu, kutwa nzima, mpaka nikikutana na mtu barabarani namtazama shingo kwanza.

Baba, kuna mtu. Ni mwoka mikate, ana tanuri lake mwenyewe. Anataka kunioa na mimi namtaka, lakini bila neno lako sitasogea. Mengine nimeshindwa kuyaandika, na kwenye simu utanikatiza. Yote tumeyasema kwenye diski hii. Itazame mpaka mwisho kabisa, ndipo unijibu.

Mwanao,
Bisibisi

29 Machi

Marahaba, Bisibisi wangu,

Mgongo unauma wastani. Shangazi yako hajambo, anakula na kugombana kama kawaida. Sijui siku hizi nani anakupa vifaa mkononi kabla hujaviomba, kama ulivyokuwa ukinifanyia mimi.

Diski imefika, haina hata mkwaruzo. Nimeitazama mara tatu. Picha safi, sauti safi. Deki yangu unaijua, haijawahi kukataa kitu, na mikono hii haijashindwa na chombo chochote cha umeme. Kijana ana heshima zake, anakaa vizuri. Nimekubali. Pangeni siku.

Dukani kazi zipo. Ule ubao wa HAKUNA KINACHONISHINDA nimeupaka rangi upya.

Baba yako,
Fundi

20 Aprili

Shikamoo Baba,

Hamjambo huko? Sisi wazima wa afya. Siku niliyopata barua yako nilishona kola kumi na mbili nje-ndani kwa furaha, msimamizi akanirudishia zote.

Nilikuwa na hofu mbili. Kwanza, dukani walimuuzia mwoka mikate diski yenye alama ya kujumlisha. Tulipokwisha kuituma, jirani mmoja akatuambia diski za kurekodia ziko aina mbili, za kujumlisha na za kutoa, na deki nyingi za zamani zinakubali za kutoa tu. Nikamjibu, ya Baba haikatai. Hofu ya pili ndiyo ilikuwa kubwa. Siku naondoka uliniambia nisikuletee mtu mwenye mzigo mgongoni. Nawe umemwona binti yake, umemsikia akiongea, na bado umekubali! Nililia, Baba.

Ila umesahau kitu. Ana miaka saba na hasahau. Lile swali alilokuuliza mwishoni hukulijibu. Kila mleta barua akipita anakimbilia mlangoni. Mjibu, tafadhali.

Mwanao mwenye furaha,
Bisibisi

14 Mei

Marahaba, mwanangu,

Tunaendelea vizuri, Shangazi anasalimia. Sikusahau, nilibanwa na kazi. Mtoto mchangamfu sana yule. Mwambie jibu langu ni ndiyo. Ndiyo kubwa, na mimi sina maneno mawili. Msomee hivi hivi nilivyoandika, ajue limetoka kwangu.

Baba yako,
Fundi

30 Juni

Bisibisi wangu,

Habari za siku nyingi? Mbona kimya? Unaumwa? Shangazi yako anauliza kitambaa cha harusi ni rangi gani, sina la kumwambia. Mistari miwili tu inatosha.

Baba yako,
Fundi

25 Julai

Shikamoo Baba,

Natumaini mnaendelea vizuri. Mimi mzima.

Jibu lako tulimsomea mtoto mezani, hivi hivi ulivyoandika. Alikuwa amekuchora picha, akaibandika ukutani. Aliinuka akaibandua, akairudisha kwenye daftari, kisha akamaliza chai yake. Baba yake hajakutukana. Amesema tu hawezi kuoa kwenye ukoo ambao mwanawe atabaki kusimama mlangoni. Harusi tumeisimamisha.

Kama ulitaka kumkataa, ungeniambia mimi. Kwa nini ulinifanya nimsomee kwa mdomo wangu?

Mwanao

19 Agosti

Mwanangu,

Leo sikuulizi hali, kwa sababu najua nimeiharibu mwenyewe. Nimekudanganya. Ile diski sikuiona.

Deki iliimeza, ikazunguka, ikaitema. Nikaifuta diski, nikaifuta lenzi, wapi! Ingekuwa deki ya mteja ningemwambia ukweli. Lakini ni deki yangu, na diski ni yako, na Shangazi yako alikuwa amekaa pale pale ananitazama. Nikaifungua, nikakaza skrubu ya nguvu ya mwanga robo mzunguko. Jicho la deki likaungua. Sasa haisomi hata zile ilizokuwa ikizisoma. Ndipo nikakaa nikakuandikia kwamba nimetazama mara tatu. Nilidhani diski ya posa haina jipya, mtu anasalimia, anajieleza, anaaga.

Uliponitajia mtoto, hasira zilinipanda siku mbili nzima. Za kuona mzigo, ndiyo, sikufichi. Zikashuka. Nikajiuliza, nikisema leo sikuona, neno langu la kwanza litabaki na maana gani? Nikawaza, mtoto akimwomba babu kitu, ataomba nini kama si mwanasesere? Nikasema ndiyo.

Nilipoisoma barua yako ya mwisho, diski niliipeleka kwa yule mwanafunzi wangu wa zamani, yule dada niliyemfukuza kwa sababu alisoma kitabu cha maelekezo kabla ya kushika bisibisi. Ana duka la kompyuta sasa. Sikuwahi kukanyaga pale. Aliitia diski kwenye kompyuta yake, ikafunguka mara moja bila kelele. Akaniambia, "Mzee, deki yako ilikuwa nzima. Ilitengenezwa kabla ya diski hizi, haizijui tu. Ungeniuliza." Miaka kumi na miwili nimekaa mtaa mmoja naye, na kitu chenyewe kilikuwa ni kuuliza.

Nimeona, mwanangu. Dakika kumi na moja. Mwoka mikate ana unga kwenye nyusi. Anasema mama wa mtoto alifariki akijifungua, na anaongea akitazama meza. Wewe umekonda. Halafu mtoto anapanda kwenye kiti, kamera inamkata kichwa, anainama ili aonekane, anasema, "Babu, mimi sikuzaliwa na huyu mama. Utanikataa?"

Na mimi nikamjibu ndiyo! Ndiyo kubwa! Yule dada alinipa kiti, nikakaa pale dukani kwake nikilia mbele ya wateja.

Mwambie sitamkataa. Mwambie babu yake ni mwongo na mjinga, lakini hamkatai. Ubao nimeushusha.

Baba yako

12 Septemba

Shikamoo Baba,

Barua nimeisoma mara tatu, na mimi nimeisoma kweli. Nilikasirika, kisha nikacheka uliposema umekaza skrubu, maana nilikuona kabisa umeuma ulimi pembeni. Mwoka mikate amesema anakuelewa, naye aliwahi kuunguza mikate mia akasema ni ya aina mpya.

Tatizo ni mtoto. Amekataa kusomewa. Anasema barua zako zinasema ndiyo halafu zinasema hapana. Anataka akuone ukisema.

Mwanao,
Bisibisi

10 Oktoba

Bisibisi wangu,

Hamjambo? Mgongo afadhali. Diski hiyo hapo. Kabla ya kurekodi niliuliza. Ni ya kutoa, na imefungwa, maana nimeambiwa isipofungwa mwishoni inaweza kugoma kwenye deki nyingine. Nimeijaribu kwenye mashine tatu za yule dada. Naomba aitazame peke yake kwanza.

Sikubali kusifiwa bure. Kama haionekani, niambieni haionekani.

Fundi

2 Novemba

Babu,

Shikamoo. Mimi mzima, mama na baba wazima. Wewe mzima?

Diski imeonekana. Nimeitazama peke yangu, halafu na mama. Umevaa shati la mistari, kola yake imekunjika upande wa kushoto, mama alianza kuona kola. Umekuna pua mara mbili. Ulisema "sikukatai" mara nne, nimehesabu. Kuna paka amepita nyuma yako na wewe hukujua.

Halafu ulisema sasa nazima, lakini hukuzima. Tumekuona ukifuta macho kwa kitambaa, mama anasema ni cha kufutia lenzi. Mama alisema tuache hapo, mimi nikasema hapana, Babu mwenyewe alisema mwanzoni tuone mpaka mwisho.

Picha yako nimeirudisha ukutani. Nimekuongezea paka.

Mjukuu wako