Kigingi cha Baba

Mdogo wangu wa pekee,

Sisi tu wazima, Mungu ashukuriwe, ila baba yetu atanimaliza. Jua la miezi saba liliupasua ukingo wa mto, mvua ya siku mbili ikaingia kwenye nyufa, ikaondoka na choo na nusu ya shamba. Baba alichomeka kigingi hatua ishirini kutoka mtoni, akaapa maji yakikifikia atahama. Kumbe kila ukingo ukimeguka, anakisogeza nyuma na kupima upya.

“Unaona, mwanangu? Bado ishirini.”

“Baba, kigingi kimeegemea ukuta wa chumba chako.”

“Afadhali, sitatembea mbali kukikagua.”

Nimesali mpaka magoti yamechubuka. Mawingu yanarudi, na mimi Baba hanisikii. Njoo kesho umbebe, hata kwa nguvu. Godoro nitabeba mimi.

Dada yako aliyechoka