Basi Lisilo na Viti

3 Machi

Mwanangu mpendwa,

Natumaini hujambo na cherehani zako hazijambo. Huku sisi wazima. Goti la shangazi yako linalalamika kama kawaida, na mwenyewe kulizidi goti.

Nakuandikia kabla hajaniwahi kukuambia. Jumatatu nimeletewa notisi. Kamera ya barabara kuu imenikuta nikienda kilomita tisini na nne kwa saa, na notisi inasema basi la abiria mwisho wake themanini. Ilikuwa siku ile daktari aliponiambia jicho limepona, mtoto wa jicho hayupo tena, ruksa kushika usukani. Nikawa naona majani ya mti mojamoja. Nikasoma namba ya lori lililokuwa mbali huko mbele. Mguu nao ukafurahi. Sina kisingizio kingine.

Kuna visanduku viwili, nakubali na napinga. Nimetia alama kwenye nakubali. Mwezi wa tano natimiza sabini, na kwa umri huo mwenye kosa kwenye faili haongezewi leseni. Basi, yaishe. Miaka thelathini na minne ya usukani si haba. Nitaituma nikipata stempu.

Baba yako

9 Machi

Baba, shikamoo.

Mimi mzima, ila sare za shule tatu zimeniangukia kwa mpigo. Mpe shangazi pole ya goti. Kwa jicho nimeshukuru sana, sasa litumie kusoma notisi vizuri.

Wewe si basi. Uliendesha mabasi mpaka mkafanana, hilo silikatai. Lakini hilo gari lako kampuni ililistaafisha pamoja nawe, ukalinunua, ukang'oa viti, ukapakia miche yako ya miti. Ni gari binafsi, na gari binafsi kwenye barabara ile linaruhusiwa mia moja. Ulibakiza sita.

Usinunue stempu. Angalia kadi ya gari imeandikwa aina gani. Kama ni binafsi, nitumie notisi, nakala ya kadi na picha ya ndani ya gari. Ofisi yao iko mtaa wa pili kutoka hapa ninaposhona. Nitapeleka kwa mkono.

Binti yako

16 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Kadi nimeisoma mara mbili, mara ya pili bila miwani kwa kujionyesha tu. Imeandikwa gari binafsi, viti vitatu, na muhuri wa mkaguzi upo.

Hata hivyo mkono ulikuwa mzito. Pale kampuni tulikuwa na daftari mlangoni. Dereva akirudi, anaandika kosa lake mwenyewe kabla msimamizi hajauliza, kisha ndipo anaenda kunawa. Aliyengoja kuulizwa tulimcheka mwezi mzima. Kwa hiyo nilipoona tisini na nne sikuwaza mara mbili, nikaandika. Shangazi yako akaniambia nimekiri kosa la gari ambalo sina, na kwamba hata ujinga una mpaka. Nimefuta, nimetia alama kwenye napinga, nikaweka sahihi pembeni.

Nimekutumia picha mbili. Ya kwanza ni ndani ya gari, miche mitupu. Ya pili ni viti vyenyewe kumi na vinne, viko barazani vimefungwa safu mbili kama zamani. Hao waliokaa ni majirani. Kila mmoja ana kiti chake, na fundi viatu akikuta kimekaliwa anasimama mpaka aachiwe, kana kwamba amekata tiketi.

Mwisho wa kupinga ni tarehe kumi Aprili. Nastaajabu kuwa ni wewe unayenitetea, maana mwaka jana ulitaka niuze gari. Nimefurahi, sikufichi.

Baba yako

2 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Siku kumi na saba sijapata mstari wako, na si kawaida yako. Shangazi yako anasema ni kazi, mimi nasema kazi haijawahi kukunyamazisha. Je, unaumwa? Kile kifua cha utotoni kimerudi? Kama ni sare zimekulemea, sema, shangazi yako anaweza kuja kutia vifungo, goti halishoni.

Nijibu hata kwa neno moja.

Baba yako

8 Aprili

Baba, shikamoo.

Siumwi. Afadhali ningekuwa naumwa.

Bahasha yako ilifika tarehe kumi na tisa. Siku ya kwanza nilisema kesho, nina kazi. Siku ya pili vilevile. Siku ya nne niliitia kwenye droo ya vitambaa chakavu na kuifunga, na hapo nilijua ninachofanya. Nilikuwa nasubiri tarehe ipite. Tangu ulipogonga nguzo ya lango mwaka jana nakuogopea, Baba. Kila simu ikilia mchana moyo unanipasuka. Kuuza gari nilikudokezea, lakini kukutazama usoni nikakuambia acha kuendesha, nilishindwa. Nikaona kamera ikuambie kwa niaba yangu, mimi mikono yangu ibaki safi.

Halafu ikaja barua yako. Hukuuliza kama nimepeleka. Umeuliza kama naumwa. Niliisoma nimesimama, nikafungua droo.

Nimepeleka leo asubuhi. Karani, mama mmoja mwenye mpira wa kuhesabia karatasi kidoleni, alisema mashine yao inatazama umbo la gari, ikiona madirisha mengi inaandika basi. Akaiangalia picha ya barazani kwa muda mrefu. "Basi lenu linaenda wapi hili?" akaniuliza. Nikamwambia haliendi popote, ila abiria hawashuki. Akacheka, akagonga muhuri. Majibu ni wiki tatu.

Nisamehe. Sikukutendea haki.

Binti yako

15 Aprili

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikaenda kumwagilia miche, nikarudi kuisoma tena. Imeniuma. Nikisema haikuniuma nitakuwa nakudanganya, na nitaanzia wapi kukudanganya leo.

Lakini hofu yako ni halali yako. Nguzo niliigonga kweli, na jicho lile lilikuwa bovu miezi minane kabla sijakubali kwenda kwa daktari. Ukaidi huo ni wangu, nao nauandika hapa. Ulichokosea ni kumtuma mtu mwingine, tena kamera isiyonijua.

Basi njoo. Jumamosi ya kwanza ya Mei nitakuja kukuchukua kituo cha treni, ukae kiti cha mbele, nikuendeshe mpaka nyumbani. Ni safari ya saa mbili nzima. Nitazame mikono, nitazame vioo, tazama ninavyokunja kona. Tukifika mlangoni nitakuuliza neno moja, niendelee au niache. Ukisema niache, funguo nampa shangazi yako siku hiyohiyo, hata kama wamefuta kosa. Neno hilo nalitaka kutoka kwako.

Kula vizuri.

Baba yako

14 Mei

Mwanangu mpendwa,

Natumaini ulifika salama na sare umezikabidhi. Sisi wazima. Shangazi yako bado anakula zile biskuti ulizomletea, anadai anamwekea mgeni atakayekuja.

Barua yao imekuja Ijumaa: gari binafsi, hakuna kosa, faili liko safi. Juzi nikaenda kupimwa. Nilisoma ubao mpaka herufi za chini kabisa, na yule kijana wa vipimo akataka nimsomee tena akidhani nimekariri. Nimeongezewa miaka miwili.

Lakini hiyo si habari niliyokalia kukuandikia. Uliondoka haraka, na shangazi yako hakunyamaza hata tukapata nafasi ya kusema. Jumamosi ile ulipanda umekaza mkanda na taya pamoja. Kilomita kumi za kwanza ulikuwa unakanyaga breki ambayo upande wako haipo. Mimi nilijifanya sikuoni. Kisha tukapita kituo cha mafuta, nikageuka kukuonyesha shamba la alizeti, nikakukuta umelala. Kichwa kwenye kioo, mdomo wazi, kama ulivyokuwa nikikutoa shule. Ulilala kona zote, ulilala kwenye mteremko, lori lilitupigia honi ukajigeuza tu. Nilipozima gari mlangoni sikukuamsha. Nilikaa pale robo saa na swali langu, nikiwa na furaha ambayo sijui nikueleze vipi.

Sikukuuliza, na sasa sikuulizi. Nimeshajibiwa.

Baba yako