Siku Tano za Kumpumzisha Mama

Jumatatu, 8 Juni
Siku ya pili hotelini, Nkome. Chai, chapati, mayai. Mama katandika kitanda mwenyewe kabla mhudumu hajaja. Nikamgombeza. Miaka sabini na moja, hajawahi kulala hotelini. Anamshukuru kila mtu, mpaka mlinzi wa getini. Binti yangu Kabula anamcheka.
Simu ya Mama nimeitoa betri. Nimemwambia imeharibika. Kaamini.

Jumanne, 9 Juni
Mama kaingia ziwani na kanga yake, kamshika Kabula mkono. Wimbi likampiga magotini, akacheka mpaka akakaa majini. Upepo ukileta harufu ya dagaa wanaoanikwa mwaloni, mitumbwi inakoegeshwa, anasema inanukia vizuri.
Nimeichukia furaha yake.
Acha niandike. Kaburi la baba liko juu ya mwamba wenye dhahabu. Duara la kaka yangu Masanja, shimo lake la machimbo, limechimbwa mpaka ukingoni mwa kaburi. Mwaka mzima Mama anakataa: "Subirini nife, mtufukue wote wawili." Masanja akaniambia: "Mpeleke akapumzike, siku tano tu, mimi nimalize kazi." Kaniahidi fungu langu. Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Jumatano, 10 Juni
Mchana. Ugali na sato wa kukaanga. Nilikwenda kunawa, simu yangu nikaiacha mezani. Mjinga mimi. Narudi, Kabula anamweleza Mama.
"Bibi, mjomba kapiga. Kasema nimwambie mama, babu ameshatolewa, yuko kwenye mfuko wa salfeti."
Mama akaweka tonge chini. Akanigeukia.
"Alikuwepo nani?"
"Masanja na vijana wake wa duarani."
"Padri?"
"Hakuwepo."
"Kwa hiyo mlinileta nile samaki."
Akaliokota tonge. Akala. Kila kitu, mpaka kichwa cha samaki.

Alhamisi, 11 Juni
Nilimwomba turudi nyumbani leo. Kakataa. "Siku zangu tano hazijaisha."
Tangu asubuhi yuko kwenye kiti cha plastiki, analitazama ziwa. Siku zote huniita ng'wanone, mwanangu. Leo ni Mama Kabula, kwa jina la mtoto, kama anavyomwita mke wa jirani. Mama Kabula, agiza soda. Mama Kabula, nipige picha, umtumie mwenzio Masanja aone ninavyopumzika.
Nimepiga. Katabasamu kwenye zote.
Namwogopa.

Ijumaa, 12 Juni
Nyumbani. Palipokuwa na kaburi pana shimo, ngazi, kamba. Msalaba wameukita pembeni, unazuia udongo usiporomoke.
Baba yuko stoo, kwenye salfeti la kubebea mawe. Masalfeti yako saba. Masanja hakukumbuka ni lipi. Hata hakuona aibu, alikuwa na haraka. Mama alipiga magoti akayapapasa moja moja, kama anayepima mahindi sokoni. Kwenye la nne mkono ukasimama.
Ndipo Masanja akakumbuka adabu. Akainama. "Shikamoo, mama."
Mama alikuwa anafunga mdomo wa salfeti. Aliufunga vizuri, mafundo mawili. Hakuitikia.
Nikamwamkia na mimi. Hivyo hivyo.

Jumapili, 14 Juni
Mama kaondoka jana asubuhi. Kaenda kwa mdogo wake, Tinde. Baba atazikwa huko.
Stendi, kondakta alitaka kulitia salfeti kwenye buti. "Huyu kakatiwa tiketi," Mama akamwambia. Akaliketisha dirishani, yeye akakaa pembeni yake. Nilisimama chini ya dirisha lile mpaka basi likaondoka. Sikuweza kumwona Mama. Salfeti tu.
Leo nimebaki kwenye nyumba yake. Pampu ya duarani inasikika mpaka jikoni. Masanja kapita kuniambia mawe ya jana ni mazuri. Alikuwa anacheka. Nikacheka naye kidogo.
Kabula kauliza bibi anarudi lini. Nimemwambia akafagie uwanja.