Verlin Stalnaker, Miti Yako Minane Iliyobaki

Mwaka umetimia, Verlin, tangu Alhamisi ile ulipoketi kwenye nyasi pale mlimani ukasema, "Oleta, kifua kinabana," na hukusema neno jingine.

Watu wanatuambia tutazoea. Hatujazoea.

Miaka thelathini na moja uliwafundisha vijana wa chuo kwamba hata ukungu wa kuvu unaoua miti ya chestinati nao huugua. Ukiingiwa na kirusi hulegea, mti ukafunga kidonda chake na kuishi. Ulitaka kujua kwa nini ukungu mmoja hupoteza makali na wa jirani yake ukabaki muuaji. Kaka yako Hobart hakuacha kukutania: "Bwana mdogo, dunia nzima inatafuta dawa, wewe unatafuta ugonjwa!" Nawe: "Kula mkate wako wa mahindi, Hobart, kabla sijakuambukiza."

Ulikuwa mpole. Hukuupita mti mgonjwa bila kupapasa gome lake. Wanafunzi waliokwama uliwaleta nyumbani, wakala maharage yetu, wakaondoka wakicheka.

Tukuambie ukweli, Verlin. Mwezi wa tatu maabara yako ilifungwa. Binti yetu Rhoda alifika akakuta friji limezimwa na ukungu wako wote dhaifu umekufa, isipokuwa visahani vitano alivyokuwa akivitunza jikoni kwake. Uliacha miti kumi na tisa hai kule mlimani. Kumi na mmoja imekauka. Rhoda alivipaka vidonda vyake ukungu wa visahani vitatu kwa brashi kama ulivyomwonyesha, haikusaidia. Alirudi matope hadi magotini, akakaa sakafuni.

"Mama, ukungu dhaifu hausambai. Baba angejua pa kuanzia. Mimi sijui."

Tumepekua madaftari yako yote. Unauliza tu, Verlin, ukurasa baada ya ukurasa. Hakuna mahali unapojibu.

Jumamosi hii tutapanda mlimani na visahani viwili vya mwisho. Hobart naye anakuja. Tumemkataza, amekataa kukatazwa. Hatujui kama ukungu utashika. Ukishindwa, hatuna mwingine.

Unakumbukwa na mkeo Oleta, binti yako Rhoda na mumewe Clell, kaka yako Hobart, na wanafunzi wako popote walipo.

Hutoki mioyoni mwetu, Verlin, hata siku moja.