Ndizi Juu ya Kitabu cha Koku

Jumanne. Manyunyu toka alfajiri. Kahawa imelala kwenye mkeka ndani ya nyumba, haikauki, na moyo wangu nao hivyo hivyo.

Jana tulikwenda Bukoba, mimi na Koku. 

Koku ni binti yangu, haoni. Macho yalizima mwaka juzi baada ya homa, na sasa anasoma kwa vidole, zile nukta nundu zinazotokeza kwenye karatasi. Mwaka huu ana mtihani wa kidato cha nne. Kitabu cha biolojia cha namna hiyo hapa Kamachumu hakuna, Muleba mjini hakuna, hata maktaba ya Bukoba hawana. Mkutubi wa pale, Bi Zuhura, akawauliza wenzake wa nchi jirani. Mmoja wa Masaka, Uganda, alikuwa nacho, sehemu mbili. Wao wanatuazimisha vitabu hivyo, sisi tunawapelekea vya Kiswahili, maana watoto wao nao wanajifunza. Sehemu ya kwanza ikaja kwa basi. Koku aliisoma mpaka ncha za vidole zikawa ngumu.

Jana ilikuwa siku ya kuirudisha, ndipo ije ya pili.

Sasa kwetu kitu cha kuazima hakirudi peke yake. Ukiazima kikapu, unakirudisha na kitu ndani. Sikufikiri mara mbili. Kitabu nikakiweka chini kabisa ndani ya mfuko, mkungu wa ndizi juu yake, nikafunga kamba nikakaza. Njia nzima mpaka mjini ndizi zimekilalia.

Bi Zuhura alipofungua alicheka kwanza. "Mama Koku, unapeleka ndizi Uganda? Si watatushangaa?"

Halafu akapitisha kiganja kwenye kurasa, akamsogezea Koku kitabu.

Nukta zilikuwa zimelala. Siyo zote, lakini zile kurasa za mwanzo Koku mwenyewe alizigusa akasema, "Hapa hamna neno, mama. Ni karatasi tu."

 Nilimwaza mtoto wa huko anayengoja zamu yake, apitishe vidole asikute kitu.

Bi Zuhura akampigia yule wa Masaka mbele yetu, akamweleza bila kuficha. Nikaomba simu. Kiswahili kilinikwama, nikaongea Kihaya, naye Kiganda, tukaelewana nusu nusu. Nikamwomba radhi. Akaniita nnyabo, yaani mama, kwa heshima, akasema hata kwao kikapu hakirudi kitupu.

Lakini kazi ni kazi. Alimwambia Bi Zuhura kurasa zilizoharibika watazichapa upya, na sehemu ya pili ataituma. Ila haitatoka maktaba ya Bukoba. Isomwe palepale.

Maana yake Koku akae mjini mpaka mtihani. Shangazi yake yuko Bilele, hapohapo mjini, nafasi anayo. Maana yake avuke barabara zile zenye bodaboda bila mkono wangu. Achote maji kwenye nyumba asiyoijua. Nani atamwambia jiko lina moto?

Nikasema nitafikiria.

Uongo. Moyoni nilishasema hapana.

Koku hakubishana na mimi. Tulipofika nusu ya njia ya kurudi, ndani ya basi, akasema, taratibu, kama anaongea na dirisha, "Shangazi anapika vibaya, mama. Lakini nitavumilia."

Nilicheka, halafu nikageuka upande. Hata asiyeona anajua mama yake akilia.

Asubuhi hii nimemkuta ameketi kitandani anakunja nguo, anatafuta mshono kwa vidole ajue upi ni upande wa nje. Hakuniomba ruhusa. Nilikuwa nimekuja kumwambia haendi.  Nikaketi kando yake, nikakunja na mimi.

Jumamosi nampeleka. Nitamwonyesha njia, kutoka Bilele mpaka mlango wa maktaba. Halafu aitembee mwenyewe, mimi nyuma yake, kimya.

Mungu anisaidie nisimshike mkono.