Posa Iliyozunguka Middleway

Jumamosi, mwezi wa pili. Rasharasha tangu alfajiri, na mtaa wetu wa Moseley wote umenuna.

Shajara yangu, leo nimejenga nyumba ya mtu na kutikisa ya kwangu, na zote mbili kwa mdomo huuhuu mmoja.

Nianze na ile ya mtu. Leo nilikuwa mshenga. Dada yangu Rukia ana mtoto mmoja wa kiume, Salim, kazaliwa hapahapa Birmingham, anaelewa Kiswahili chote na kukujibu Kiingereza kitupu. Kampenda binti wa Kizanzibari anayekaa Kingstanding, upande wa pili wa mji, na mimi mjomba mtu ndiye niliyepewa kazi ya kupeleka posa. Baba wa binti, Mzee Hamadi, alitupa miadi ya saa tisa alasiri. Saa kumi anaondoka kwenda uwanja wa ndege, na huko Unguja atakaa mpaka baada ya Idi. Tena kuna daktari wa meno wa Leicester ambaye naye ameanza kupitapita pale nyumbani kwao kusalimia. Tukikosa leo, basi tena.

Sasa wewe unayenisoma na hukai mji huu, nikueleze jambo moja, la sivyo utaniona mwendawazimu. Katikati ya Birmingham kuna eneo la hewa safi, na limezungukwa na barabara ya duara inayoitwa Middleway. Gari lenye moshi mchafu likivuka kuingia ndani, kamera inasoma namba, na unadaiwa pauni nane kwa siku hiyo, iwe wikiendi, iwe sikukuu. Ukikaa kimya siku sita zikapita, faini inakufuata nyumbani. Lakini Middleway yenyewe ni bure. Unaweza kuizunguka mpaka upate kizunguzungu na hakuna atakayekuuliza.

Gari langu ni dizeli, na si la juzi.

Sijawahi kulipa. Si kwamba sina. Ni kwamba nimekuwa nikishindana na zile kamera tangu zifungwe, na mpaka leo asubuhi nilikuwa naongoza. Msikitini wananiita Profesa. Watu wananiletea namba za magari yao niwaangalizie kwenye tovuti ya serikali kama yanatozwa. Jirani yangu Khamis alipita Digbeth, ndani ya eneo hilo, Ijumaa baada ya isha, akalipia Jumamosi, kwa sababu kwa hesabu yetu jua likishazama Ijumaa, huo ni usiku wa Jumamosi. Nilimweleza, baada ya faini kufika, kwamba Jiji halina habari na magharibi. Siku yao inaanza saa sita ya usiku na kuishia saa sita ya usiku, na ukilipia siku moja unaingia na kutoka mara utakazo.

Basi tukatoka magari mawili. Mimi mbele na mke wangu Mwanaidi, kashika posa mapajani, imefungwa kwenye kitambaa cheupe. Nyuma Salim na mama yake. Salim ana gari la umeme ambalo halitozwi hata senti. Lingeweza kukata katikati ya mji likafika Kingstanding, yeye akanywa na maji. Lakini kwa desturi yetu gari la mshenga ndilo linalotangulia, na hakuna wa kulipita. Kwa hiyo gari safi likaburuzwa nyuma ya moshi wangu kuizunguka Middleway.

Nilichosahau ni mpira. Leo kulikuwa na mechi, na kabla ya kipilefti cha Bordesley barabara ilikuwa imejaa mashabiki na foleni haisogei. Saa nane na nusu Rukia akanipigia.

"Kaka, pitia mjini!"

"Itafunguka."

"Uncle, it's eight quid! I'll pay!" Salim alipaza sauti nyuma yake, eti ni pauni nane tu, atalipa yeye.

Nikawaambia suala si pesa, ni msimamo.

"Msimamo gani," akasema Rukia, "na tumesimama hapa tangu saa nane?"

Nikakata simu. Robo saa nzima tukawa tunatazamana na duka moja la chipsi. Yule daktari wa meno akaanza kunijia machoni, kanzu yake imepigwa pasi, meno yote yako mahali pake. Nikamwaza Salim, ambaye leo amevaa kanzu tangu asubuhi na ilhali anajua fika kwamba siku ya posa yeye haingii ndani.

Nikawasha indiketa ya kushoto.

Nikakipita kile kibao chenye wingu la kijani, kinachoonyesha eneo linapoanza. Mwanaidi aligeuka akanitazama muda mrefu. Nilidhani ananistaajabia.

Tulifika Kingstanding saa tisa na dakika ishirini. Salim akabaki garini. Sebuleni, masanduku ya Mzee Hamadi yalikuwa yameshapangwa mlangoni, na yeye mwenyewe alikuwa anaangalia saa. Karibu na hita alikaa mama yake, Bi Zuhura, bibi wa binti, na ilionekana wazi kwamba kikao ni chake. Kwetu wapeleka posa wakichelewa hutozwa faini kabla ya kukaa. Nami, Profesa mzima, nilikuwa nakwepa tozo moja, sasa nadaiwa mbili, ya Jiji na ya wakwe.

"Kabla ya faini," akasema Bi Zuhura, "tuelezeni mmechelewa kwa nini."

Nikakohoa. Nilishaandaa maneno ya kishenga, ya safari ndefu na ua linalonukia kutoka mbali. Nikafungua mdomo, na Rukia, dada yangu wa tumbo moja, akanitangulia kwa hasira zake.

"Alikuwa anakwepa pauni nane za moshi!"

Jikoni mtu alicheka, kisha akanyamaza ghafla.

Bi Zuhura akaweka kikombe chini. "Kumbe mjukuu wangu hafiki pauni nane."

Hapo Rukia akajua alichokifanya. Mzee Hamadi akaanza kuinuka. Niliogopa, shajara yangu, niliogopa kweli, kwa sababu sikuwa naharibu langu, nilikuwa naharibu la mtoto aliyekaa nje kwenye gari akiniamini. Maneno yote ya ua na harufu yakanikimbia, na nikabaki na ukweli.

"Bi mkubwa," nikasema, "tangu zile kamera zifungwe, sijaingia mle kwa ajili ya kiumbe yeyote. Mwezi uliopita mke wangu huyu hapa karudi kutoka Dar es Salaam, kaletwa na basi la uwanja wa ndege mpaka stendi ya mabasi ya Digbeth na masanduku mawili, na sikuingia. Nilimsubiri ng'ambo ya Middleway akaja kwa miguu, anaburuta. Lakini leo, kwa mjukuu wako, nimeingia."

Bi Zuhura akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa mtandio, akamwambia mwanawe akae.

"Mtu hatungi uongo wa kujiaibisha namna hii," akasema. "Wapeni chai. Faini nimesamehe, mkewe ameshailipa."

Posa ikapokelewa. Mzee Hamadi akanishika mkono kwa mikono miwili, akaondoka na masanduku yake. Rukia alilia kidogo, akala vitumbua vingi. Salim akatumiwa ujumbe kule nje, na tukasikia honi ya gari la umeme, ambayo sikujua kama ina sauti kubwa vile. Mimi nilikaa kwenye kochi kama waziri. Nilipogeuka kumtazama Mwanaidi, chai yake ilikuwa imepoa na hajaigusa.

Wakati wa kurudi jua lilikuwa linazama. Nikamweleza kwa furaha kwamba kwa kuwa leo italipwa, mpaka saa sita ya usiku mji ni wetu, tunapita tunapotaka bila nyongeza. Nikamwonyesha mahandaki ya katikati ya mji kama mtalii.

"Nipitishe Digbeth," akasema.

Nikampitisha. Karibu na stendi ya mabasi akaniambia nisimame. Akashuka, akafunga mlango taratibu, akaenda kusimama langoni kati ya wasafiri na mizigo yao, mkoba wake mkononi. Nilidhani ana haja ya choo. Nyuma yangu teksi ikanipigia honi, ikabidi nisogee. Simu ikalia.

"Baba Nasra," akasema, "nimeshafika. Njoo unichukue."

Nilikumbuka siku ile ya mwezi uliopita. Mvua ilikuwa inanyesha. Alitokea kwa mbali, matone yamejaa kwenye miwani, sanduku moja linavutwa upande kwa sababu gurudumu limekatika. Alipofika dirishani aliniuliza kama nimekula. Mimi nilikuwa nimepasha gari moto, nasikiliza redio, na nilimwambia kwa furaha kwamba tumewaweza. Sikumbuki kama nilishuka.

Barabara za pale ni za upande mmoja, na nikaona nyuma ya kila kona kuna kona nyingine. Nilizunguka mara mbili kabla ya kumfikia. Safari hii nikashuka. Nikampokea ule mkoba mdogo kwa mikono miwili, nikauweka kwenye buti peke yake, nikamfungulia mlango.

"Karibu nyumbani, Mama Nasra."

"Umechelewa," akasema, na akaingia.

Tumefika salama. Nimelipa ile tozo kwenye simu mbele yake, naye akanimegea kitumbua kimoja alichofungiwa na Bi Zuhura. Sijui kama huo ni msamaha au ni kitumbua tu. Khamis ameshapata habari, anataka kujua kama Profesa bado anafundisha.

Kesho, akishakunywa chai, nitamuuliza nilichopaswa kumuuliza siku ile alipofika dirishani: masanduku yalikuwa mazito?