Kioo Kisiyeyuke

Sapporo, Japani
4 Agosti 1997

Mama yangu,

Shikamoo. Na shikamoo ya baba umpe kabla hajaidai. Mwili wangu mzima, wali nakula. Moyo ndio umechoka. Mguu wako vipi?

Mama, kazi imenishinda. Nachukua kipande cha kioo, nakinyunyizia chembe za nikeli, nakitia tanuruni, kisha napitisha gesi ile ile wanayochomelea vyuma mafundi wa hapo kwetu Ngamiani. Gesi ikivunjwa na moto, kaboni yake huota juu ya nikeli ikawa mirija, myembamba kuliko unywele mara elfu kadhaa. Moto ukiwa mkali inaota, lakini kioo kinalegea kama mshumaa. Nikipunguza moto kioo kinapona, na ninaambulia masizi matupu.

Profesa amenipa hadi mwisho wa Novemba. Nisipootesha mirija bila kuyeyusha kioo, narudi nyumbani bila shahada ya udaktari. Miaka mitatu, mama! Nitamtazama baba kwa uso gani?

Mwanao,
Nida

Ngamiani, Tanga
29 Agosti 1997

Mwanangu Nida,

Marahaba, mama. Mguu umeniacha, umehamia kwa baba yako. Tangu wampunguze kiwandani anashinda nyumbani akinifundisha kupika. Ameuliza kama mirija yako ni ya maji. Nimemwambia anyamaze.

Usinililie. Umeme hapa ni wa mgao, oveni imekuwa kabati la vikombe, nimerudia makaa. Jana nilipika mkate wa kumimina nikakukumbuka: wewe ulikuwa ukiunguza chini, juu ukabaki uji, kwa kujaza makaa jikoni. Mara ngapi nilikwambia, chini weka moto kidogo tu, makaa yapalie juu ya mfuniko? Sasa msomi mzima, kinachotaka moto ni gesi. Kioo kimekukosea nini hata ukichome?

Mama yako,
Ummehani

Ngamiani, Tanga
3 Novemba 1997

Nida,

Hujambo? Nauliza kwa sababu sijui. Miezi miwili bila hata mstari! Kama habari za mkate zimekukera, niambie nikuombe radhi, ingawa sijakosea. Baba yako anakwenda posta kila siku na mvua hii, anarudi kalowa. Andika, mwanangu. Hata kama ni neno baya, andika.

Mama yako

Sapporo
24 Novemba 1997

Mama,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo! Nisamehe. Niliogopa kukupa tumaini halafu nikakunyang'anya.

Barua yako ya mkate niliisoma nimesimama, koti sijavua. Kesho yake nikatega waya ndani ya tanuru, juu ya kioo, nikauwasha ukawa mwekundu. Gesi inapita hapo kwanza, inavunjika, ndipo inashuka kwenye kioo kilichokaa na moto wake mdogo. Mwanzoni niliutega karibu mno. Vioo kumi na kimoja vilipinda. Nikawa naupandisha kidogo kidogo, wiki baada ya wiki.

Alhamisi tumetazama kwa hadubini. Mirija imeota, mama! Imesimama wima, imesongamana kama nywele za brashi, na kioo kizima, unaweza kujitazamia. Profesa, ambaye sijawahi kumwona akicheka, alipiga meza. Akauliza wazo nimelitoa wapi. Nikamchorea sufuria yako na makaa juu ya mfuniko. Mchoro ameubandika mlangoni mwake.

Shahada naipata. Picha hii ya mirija ni yenu.

Mwanao mwenye furaha,
Nida

Ngamiani, Tanga
15 Desemba 1997

Daktari wangu,

Marahaba mara tatu. Nilipiga vigelegele mpaka Khurshid wa jirani akaja mbio akidhani ni posa. Baba yako alivaa kanzu ya Iddi, Jumatano, akaipeleka picha barazani. Hatibu fundi baiskeli akamuuliza, "Vinaliwa hivi?" Akajibu, "Vinasomewa!" Hajui lolote, lakini mguu haumuumi tena.

Nikwambie jambo moja. Ulipokaa kimya niliona umeshindwa. Sikumwambia mtu. Nikakipaka chumba chako rangi, nikakushonea mapazia mapya, ili ukirudi mikono mitupu usisimame mlangoni ukifikiri hapa si kwako. Rangi imeshakauka. Njoo tu, na ushindi wako, ulale.

Mama yako,
Ummehani